Ukoo wa Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Kila asubuhi huko Kikula, mjini Likasi, Jaël aliamshwa na sauti mbili: ya jogoo wa jirani na ya nkambo, yaani bibi yake. Jogoo aliwika kidogo kisha akanyamaza. Nkambo Gertrude hakunyamaza. Alikaa uani mbele ya jiko la makaa, akikaanga vitumbua na kuimba majina ya watu waliokufa zamani: fulani mwana wa fulani, mjukuu wa fulani aliyevuka mto Lualaba na mbuzi mabegani. Watoto waliopita kununua vitumbua kabla ya shule walizoea kuondoka na kitumbua kimoja na mababu watatu.

Vitumbua vilikuwa vya kununulia sabuni tu. Kazi aliyojivunia Nkambo ilikuwa kuimba kasala, yaani nyimbo za Waluba za kumsifu mtu kwa kutaja ukoo wake. Palipokuwa na harusi au matanga, watu walikuja kumwita. Kabla ya kuimba alizunguka kwa shangazi na wajomba wote wa mtu huyo, akauliza na kuuliza tena, mpaka akajua kila jina. Hakuwahi kukosea hata babu mmoja. Jambo hilo alilisema mwenyewe mara nyingi, na kwa sauti kubwa zaidi Maman Madeleine alipokuwa karibu.

Maman Madeleine aliishi ng'ambo ya barabara, naye pia alikuwa mwimbaji wa kasala. Zamani, katika harusi moja kubwa, alimpa bwana harusi babu ambaye hakuwa wake. Wageni walicheka mpaka viti vikaanguka. Tangu siku ile watu walimwita Maman Babu wa Kuazima, na aliyeanzisha jina hilo, kila mtu alijua, alikuwa Nkambo Gertrude. Wazee hao wawili hawakusalimiana tena. Walipokutana barabarani, kila mmoja alikohoa na kupita.

Mwalimu Ambroise, aliyefundisha darasa la sita alikosoma Jaël, alimsikia Nkambo akiimba kwenye harusi ya ndugu yake. Siku iliyofuata aliingia darasani akitabasamu, akaandika ubaoni namba 60.

"Namba pia zina ukoo," alisema. "Sitini ni mtoto wa sita na kumi, kwa sababu sita mara kumi ni sitini. Sita naye ni mtoto wa mbili na tatu. Kumi ni mtoto wa mbili na tano."

"Na mbili, na tatu, na tano, wazazi wao ni nani?" aliuliza Pitshou, mjukuu wa Maman Madeleine, ambaye aliuliza maswali hata wakati wa sala.

"Hao hawana wazazi. Hazigawanyiki kwa namba nyingine yoyote, ila kwa moja na kwa zenyewe. Vitabu vinaziita namba tasa."

"Ni mayatima!" alisema Pitshou, na kuanzia hapo darasa zima likaziita hivyo.

Mwalimu alieleza kwamba kwenye sikukuu ya mwisho wa mwaka, kila mwanafunzi angesimama mbele ya wazazi na kutaja ukoo wa namba yake. Aliyetaka angeweza kuja na mzee wa nyumbani wa kumwimbia. Hesabu zingefanywa kwa mkono, bila simu.

"Jaribuni kugawanya kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, na kuendelea," alisema. "Kila namba tasa ni mlango. Mnabisha hodi kila mlango. Mkifika kwenye namba ambayo, ukiizidisha kwa yenyewe, inapita namba yenu, hapo tu ndipo mnaruhusiwa kusema: huyu ni yatima."

Kisha akagawa vikaratasi vyenye namba. Jaël alifungua chake akakuta 30 031. Darasa likapiga mluzi, kwa kuwa hakuna aliyepata namba kubwa hivyo. Pitshou alifungua chake akakuta 59.

"Mwalimu, juu ya nini minye napewa kadogo hivi?" alilalamika, akitaka kujua kwa nini yeye. "Hata miaka ya nkambo yangu inapita hii!"

Darasa lilicheka, na Jaël alicheka kuliko wote.

Jioni ile Jaël alikaa kizingitini na karatasi. Aligawanya kwa mbili, ikabaki moja. Aligawanya kwa tatu, ikabaki moja. Kwa tano, moja. Kwa saba, moja. Akashangaa. Kwa kumi na moja, moja tena. Kugawanya kwa kumi na tatu kulimtoa jasho ingawa ulikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi, na mwisho wa jasho hilo ile moja ikatokea tena, kama kuku aliyefukuzwa jikoni akarudi kwa mlango uleule.

Nje, Sephora, mwanafunzi mwenzake, na wasichana wengine walikuwa wakiruka kamba.

"Jaël, weye iko unafanya nini? Kuja!"

Jaël alitazama karatasi. Kulingana na sheria ya Mwalimu, alipaswa kufika mpaka mia moja sabini na tatu. Milango mingi bado ilimngoja. "Lakini namba hii nimeshaijua tabia," alijiambia. "Hata nikiendelea mpaka Krismasi, itabaki moja tu." Akaweka kalamu chini, akaenda kuruka kamba.

Jumatatu aliinua mkono darasani. "Mwalimu, namba yangu ni yatima."

"Umejaribu milango yote?"

"Yote, Mwalimu."

Mwalimu Ambroise alikuna kidevu. "Yote kabisa?"

"Kabisa!"

"Haya. Tutasikia siku ya sikukuu." Wenzake wakapiga makofi, na Jaël akakaa akiwa mrefu kidogo kuliko kawaida.

Nyumbani, Nkambo alikuwa akingoja habari tangu asubuhi, maana alikuwa amekubali kuiimba namba ya mjukuu wake.

"Alors, baba yake ni nani?" aliuliza.

"Hana baba, Nkambo."

"Mama?"

"Hana."

"Hata shangazi?"

"Nkambo, ni namba."

"Namba ndiyo inakosa shangazi? Masikini ya Mungu!" Nkambo aliweka mwiko chini. "Umeuliza kila mahali? Weye unajua, minye naimba kitu ya kweli tu."

Jaël alitazama vidole vya miguu yake. "Nimeuliza kila mahali."

Basi Nkambo akaanza kutunga. Alitunga wimbo wa huzuni wa yatima mkubwa anayetembea peke yake kati ya namba nyingine, hana wa kumfunga kamba ya kiatu. Wimbo ulikuwa mzuri mno, hata yeye mwenyewe alilia, na vitumbua vya siku hiyo vikawa na chumvi. Jirani yao, Maman Henriette, alikuja kuazima kiberiti, akausikia, akakaa chini kulia pia.

"Najua ni hesabu tu," alisema akipangusa macho kwa kitenge. "Lakini mukubwa hivyo, na peke yake hivyo!"

Kitu kimoja kilimfurahisha Nkambo katika huzuni ile. Siku ya sikukuu Maman Madeleine angekuwa pale, mstari wa mbele, na kiyatima chake kidogo cha hamsini na tisa, namba aliyopewa Pitshou. "Atasikia yatima wa kweli ni nini," alisema Nkambo.

Jumamosi ya sikukuu ikafika. Nkambo alikuwa amevaa kitenge chake kipya na kuweka sinia la vitumbua vya wageni kwenye kigoda. Mara Pitshou akaingia uani mbio, shati limetoka nje ya suruali.

"Jaël! Iko wapi? Mutoto wangu iko kwenu!"

Nkambo aligeuka taratibu, mwiko mkononi. "Mutoto gani? Weye mwenyewe kamasi haijakauka!"

"Si minye, Nkambo! Ni namba yangu!" Pitshou alirudi nyuma hatua kadhaa. Nkambo akasema atasikiliza mambo ya namba akishavaa viatu, akaingia ndani.

Pitshou alimvuta Jaël pembeni akamweleza. Hamsini na tisa kweli ilikuwa yatima. Alibisha hodi milango yote na hakuna aliyemjua. Kwa hiyo sifa zake zilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi, na yeye hakutaka kuchekwa mara ya pili. "Nikasema, kama hana baba, pengine iko na batoto. Nikachukua namba za darasa nzima, moja moja, nikazigawanya kwa hamsini na tisa. Namba ya Sephora, hapana. Ya Éphraïm, hapana. Yako..." Akapumua. "Yako imeingia yote. Hakuna kitu kimebaki."

"Uongo!" alisema Jaël.

"Gawanya mwenyewe."

Jaël aliokota kipande cha mkaa, akapiga magoti kwenye saruji, akagawanya. Hakuna kilichobaki. Akafuta kwa kiganja, akagawanya tena polepole, akiomba ile moja yake irudi kama ilivyorudi siku zote. Haikurudi. Elfu thelathini na thelathini na moja ilikuwa hamsini na tisa mara mia tano na tisa.

Aliwaza mstari wa mbele, Maman Madeleine amekaa pale. Aliwaza Nkambo akiimba kwa machozi kwamba namba haina baba, na Pitshou akisimama baada yake na kumwonyesha baba. Lile jina la Maman Babu wa Kuazima lingevuka barabara siku hiyohiyo na kuingia nyumbani kwao.

"Pitshou," alinong'ona, akimpa vitumbua vinne kutoka kwenye sinia. "Nyamaza tu leo. Leo tu."

Pitshou alikula vyote vinne, akajilamba vidole, akafikiri. "Siwezi," alisema. "Nikinyamaza, namba yangu itakufa bila mutoto."

"Basi juu ya nini umekula?"

"Ulinipa."

Nkambo alitoka ndani akiwa amevaa viatu. Jaël alisimama mbele yake, magoti meusi kwa mkaa.

"Nkambo, usiimbe ule wimbo. Namba yangu si yatima. Iko na baba."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Minye sikumutafuta." Na hapo machozi yakamtoka. "Nilibisha milango sita tu. Kila mlango ulijibu sawa, nikachoka, nikaenda kuruka kamba. Nilikudanganya. Na Mwalimu pia."

Ukimya katika ua ule ulikuwa kitu kigeni kiasi kwamba Maman Henriette alichungulia juu ya ukuta kuona nani amekufa.

"Machozi yangu yote," alisema Nkambo mwishowe. "Na ya Henriette pia. Tumelia kwa mtu mwenye baba." Kisha akakunja uso. "Huyo baba ni wa nyumba gani?"

Jaël na Pitshou walitazamana.

"Ni hamsini na tisa," alisema Pitshou. "Ni wa kwetu. Kwa Maman Madeleine."

Nkambo Gertrude alikaa chini bila kutazama. Alikaa juu ya sinia la vitumbua. Bahati nzuri vilikuwa vimepoa.

"Minye," alisema polepole, "nisimame mbele ya bantu, niseme mutoto wa nyumba yangu ametoka kwa Madeleine?"

"Ndiyo, Nkambo," alisema Jaël. "Au uimbe uongo." Alijua Nkambo angeweza kuchagua lolote, na kwamba ni yeye mwenyewe, Jaël, aliyemfikisha hapo.

Nkambo alitazama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akajikung'uta. Kitumbua kimoja kilibaki kimeshika kitenge, wala hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Mama yake ni nani?" aliuliza.

"Mia tano na tisa."

"Na wazazi wa huyo mama?"

"Siyui bado."

"Basi utajua kabla ya kufika shuleni. Leo utabisha hodi milango yote, na minye nitasikia. Pitshou, beba kigoda!"

Wakaenda. Wapita njia wa Kikula waliona jambo geni: mama mzee amepamba kichwa, mvulana na kigoda juu ya kichwa, na msichana akitembea huku akiandika kwenye mkono wake kwa kalamu.

"Mbili?" aliuliza Nkambo.

"Hapana, inabaki moja."

"Tatu?"

"Hapana. Tano hapana. Saba, inabaki tano."

"Kumi na moja?"

"Ngoja, Nkambo... inabaki tatu. Kumi na tatu, inabaki mbili."

"Sasa ni yatima?" aliuliza Pitshou, maana kigoda kilikuwa kizito.

"Bado!" alisema Jaël kwa ukali. Aliandika mpaka kwenye kiwiko. Kumi na saba, ikabaki kumi na sita. Kumi na tisa, ikabaki kumi na tano. Kwenye geti la shule alizidisha ishirini na tatu kwa yenyewe, akapata mia tano ishirini na tisa, ambayo ilipita mia tano na tisa. Milango ilikuwa imekwisha.

"Yatima, Nkambo. Huyu ni yatima wa kweli. Nimebisha yote."

"Najua," alisema Nkambo. "Nimesikia kila hodi."

Uwanja ulijaa wazazi. Maman Madeleine alikuwa mstari wa mbele, kama ilivyotarajiwa, na alikohoa alipomwona Nkambo. Jaël akaitwa. Alisimama mbele ya ubao ulioandikwa 30 031.

"Jumatatu nilisema namba hii ni yatima, na kwamba nilijaribu yote," alisema. "Ilikuwa uongo. Niliishia kumi na tatu. Aliyempata baba yake ni Pitshou. Sasa Nkambo yangu ataimba ukoo wake."

Watu walinong'ona. Nkambo Gertrude alisogea mbele, kitumbua bado kikiwa nyuma yake, akavuta pumzi. Aliimba mtoto mkubwa aliyedhaniwa hana mtu, aliyeliliwa na mitaa miwili. Aliimba mama yake, mia tano na tisa, yatima aliyebisha hodi kila mlango akaambiwa si wetu. Kisha akageukia mstari wa mbele. Akamtazama Maman Madeleine machoni, akaimba:

"Na baba yake ni hamsini na tisa, mdogo wa kimo, asiye na baba wala mama, lakini nyumba yake ina mwimbaji! Ametoka ng'ambo ya barabara, kwa Madeleine! Kwa Madeleine ndiko tulikotoka!"

Halafu Maman Madeleine akainuka, mikono juu, akajibu kwa wimbo kwamba mtoto wake alipotea akiwa bado namba ndogo na leo amerudi akiwa elfu thelathini. Mama wawili wakaimba pamoja, wakishindana nani atamaliza wa mwisho, mpaka mkurugenzi wa shule akatazama saa. Maman Henriette alilia tena, akisema safari hii ni kwa furaha.

Mwalimu Ambroise alipopata nafasi ya kusema, aliandika ubaoni: 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 = 30 030.

"Namba ya Jaël niliitengeneza," alisema. "Nilizidisha namba hizi sita, nikaongeza moja. Ndiyo maana ukiigawanya kwa yoyote kati ya hizo, lazima ibaki moja. Nilitaka kuona kama atakayeipata atachoka mlangoni pa kumi na tatu." Watu wakacheka, na Jaël akafunika uso kwa mkono wake wenye wino. Mwalimu alimgeukia kwa upole. "Namba haikukudanganya, Jaël. Mara sita ilikujibu ukweli. Uongo ulianza pale uliposema umeuliza mahali ambapo hukuuliza. Kazi ikikuonyesha kitu kilekile mara sita, bado hujaona ya saba. Ukichoka, sema nimechoka, nimeishia hapa. Mtu mwingine ataendelea kutoka hapo. Lakini ukisema nimemaliza, unawafungia wengine njia, na unaweza kumfanya hata bibi yako alie bure."

"Na kukalia vitumbua," aliongeza Nkambo, kwa sababu Maman Madeleine alikuwa ameshakibandua kile kitumbua kwenye kitenge chake na kumwonyesha.

Jumatatu asubuhi, Nkambo alikuwa akikaanga na kuimba kama kawaida. Jaël alikuwa kizingitini, akibisha milango ya namba mpya aliyojipa mwenyewe, na alikuwa amepita kumi na tatu. Ng'ambo ya barabara Maman Madeleine alitoka na ufagio. Hakukohoa.

"Gertrude, mumeamukaje?"

"Tumeamuka muzuri, shemeki," alijibu Nkambo, kama shemeji kwa shemeji.

Nyuma yake Pitshou akajitokeza, mikono mfukoni, akaja mpaka penye sinia.

"Baba ya mutoto wenu amekuja kusalimia," alisema, akitazama vitumbua.

"Karibu," alisema Nkambo, akavuta sinia upande wake. "Lakini baba wa kweli huleta kitu. Alivyokula Jumamosi vinatosha."